Flopi ya Orodha Niliyoisafisha

Flopi ikitaka kufa hulia. Nyie mliozaliwa mkakuta flashi hamuijui sauti hiyo. Inafanya krr, krr, inanyamaza kidogo, halafu krr tena, na wewe uliyekaa mbele ya kompyuta jasho linakutoka hata kama ni mwezi wa sita na Mpanda yote imevaa sweta. Nimefanya kazi ya kupiga chapa miaka thelathini na kitu. Nimewahi kukuta nyoka amejikunja juu ya kiti changu, nimefokewa na wakubwa wa kila aina, lakini hakuna kilichonitisha kama sauti hiyo. Nilipostaafu nikasema basi, hiyo sitaisikia tena. Nilijidanganya.

Mlioniomba niwasimulie kazi ya zamani najua mnataka vichekesho. Vipo. Tulikuwa na bwana mmoja ofisini aliyeona flopi yake imejaa vumbi jekundu la safari ya Mpimbwe, akaifua kwa sabuni ya unga, akaianika kwenye kamba pamoja na soksi zake. Mwingine aliziweka juu ya spika ya redio, na kwenye spika mna sumaku kubwa, kwa hiyo kila alichokiandika mwaka ule kilifutika huku anasikiliza mpira. Mimi mwenyewe nilikuwa na tabia ya kubandika lebo mpya juu ya lebo ya zamani, tatu, nne, kwa sababu flopi zilikuwa haba. Oktoba moja joto likayeyusha gundi, lebo zikabandukia ndani ya mashine, ikabidi tuzitoe kwa kibano cha nyusi. Chekeni sasa hivi, maana ninakowapeleka hakuna kicheko.

Kwa asiyeijua, flopi ni kidude bapa cha plastiki, upana wa kiganja, na ndani yake mna duara jeusi jembamba linalozunguka. Inabeba maneno tu, tena machache. Picha moja mnayopiga kwa simu zenu haienei humo. Lakini sisi tuliweka vijiji vizima ndani yake.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Deogratias, mtu wa Karema, aliyekulia kwenye mitambo ya uchapaji ya wamisionari kabla hajaja kwenye ofisi yetu ya kumbukumbu za ardhi. Mkali kama pilipili kichaa. Hakukuita kwa jina ukiwa umekosea, alikuita "wewe mtu". Alinifundisha kwamba kwenye kona ya flopi kuna tundu dogo lenye kizibo cha kusukuma kwa ukucha. Kizibo kikiziba tundu, flopi inaandikika, na inafutika vilevile. Ukikisukuma tundu likabaki wazi, flopi inasomwa tu, hakuna wa kuifuta, hata wewe mwenyewe. Na alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka nikawa naiota: kabla hujarekebisha chochote, nakili. Nakala ndiyo uifanyie fujo. Flopi ya kwanza fungua tundu, weka kwenye kopo, usiiguse.

Mwaka ule tulipima kijiji kimoja ng'ambo ya Kasansa. Wasukuma wengi walikuwa wamehamia pale na ng'ombe wao, wenyeji Wapimbwe walikuwa na mashamba yao ya mpunga, na ilitakiwa kila kaya iandikwe na kipande chake ili watu wasishikane mashati. Wapimaji walirudi na daftari lililolowa mvua. Nikachapa orodha yote kwa siku tatu. Mkuu wangu akaipitia, akasema, "Editha, humu kuna watu wamejiandikisha mara mbili wapate vipande viwili. Isafishe." Mzee Deogratias hakuwepo, alikuwa kwao kwenye msiba. Nikanakili flopi kama alivyonifundisha, ya kwanza nikaifungua tundu nikaitia kwenye kopo la biskuti, ya pili nikaanza kuisafisha.

Nilikuwa kijana na nilikuwa najiona. Kila nilipokamata jina lililojirudia nilijisikia askari. Nilifuta kumi na moja. Orodha ikachapwa, ikapigwa muhuri, ikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Mkuu akanisifu mbele za watu. Hakuna aliyelalamika, nikasahau.

Mwaka huu, siku ya Jumatatu, mtu alibisha hodi kwangu. Mwanaume wa miaka hamsini na kitu, mrefu, kofia mkononi.

"Shikamoo mama. Ndiyo wewe Mama Editha uliyekuwa unachapa kule ardhi?"

"Marahaba. Ndiyo mimi. Karibu ukae."

Hakukaa. Alisema anaitwa Masanja Luhende, anatoka kule kijijini. Shamba lake la mpunga liko mtoni, amelilima zaidi ya miaka ishirini, mke wake amezikwa pale pale pembeni. Sasa kijiji kinagawa upya maeneo yasiyo na mwenyewe, na kwenye orodha ya muhuri kipande cha mtoni hakina jina. Baraza linakaa Alhamisi. Wakishamwandika mtu mwingine, imekwisha.

"Baba yako hakuandikwa?" nikamuuliza.

"Baba aliandikwa, Luhende Masanja. Chake ni kile cha barabarani. Mimi nilipewa cha mtoni, mpimaji alinisimamisha palepale akaandika."

Luhende Masanja. Masanja Luhende. Niliyaona yale majina mawili kwenye skrini kama vile ni jana, yamefuatana, moja chini ya jingine, na kidole changu kinalifuta la chini. Nilidhani ni mtu mmoja mjanja aliyegeuza majina yake. Sikujua kwamba Msukuma humpa mwanawe jina la babu, kwa hiyo majina yanapokezana: babu Masanja, baba Luhende, mtoto Masanja. Na kina mama wa Kisukuma walikuwa wanapita na maziwa chini ya dirisha langu kila asubuhi. Ningemuuliza mmoja tu. Kuuliza si ujinga, tunasema hivyo kila siku, lakini sikuuliza.

"Mbona hukuja kulalamika wakati ule?"

Aliitazama kofia yake. "Niliona ni mambo ya nyumbani, mama."

Sikumwelewa, na sikutaka kumwelewa. Nilichokitaka ni aondoke. Lakini alisema kuna mtu kamwambia huenda nina vile vidude vya zamani, na mimi, sijui kwa nini, nikasema ninavyo. Kopo la biskuti niliondoka nalo ofisini nilipostaafu, lilikuwa chini ya kitanda. Nikalivuta.

Sikilizeni nilichokuwa naogopa. Niliogopa flopi imekufa, mtu wa watu apoteze shamba na kaburi la mkewe. Na niliogopa haijafa. Ikifunguka, jina lake litakuwepo, na mtu yeyote mwenye akili atauliza limetokaje kwenye orodha ya muhuri. Nimestaafu kwa heshima. Kanisani nakaa benchi la mbele. Wajukuu zangu wananitania kwamba bibi hajawahi kukosea herufi. Nilikuwa naomba vitu viwili vinavyopingana kwa wakati mmoja, na bila shaka hata Mungu alinishangaa.

Tukaenda mtaa wa Kashaulili, kwa binti wa mdogo wangu, Neema, mwenye duka la stationery karibu na soko. Neema ana laptop nzuri na alikuwa na ile draivu ya flopi ya kuchomeka kwa waya, aliagiza zamani kwa ajili ya mteja fulani. Sasa hapa chukueni ujuzi, maana siku moja mtaletewa kitu kama hicho. Flopi iliyokaa miaka usiichomeke mara moja. Vuta kile kifuniko cha bati uchungulie duara: likiwa na madoa meupe hiyo ni ukungu, na ukungu utakwaruza kichwa cha kusomea, upoteze flopi na draivu vyote. Inuse. Ikinuka kama godoro lililonyeshewa, iache. Ikiwa nzima, izungushe taratibu kwa kidole kwenye kile chuma cha katikati, ilegee, kwa sababu huwa inaganda. Yangu ilikuwa safi. Kopo la biskuti ni kabati zuri kuliko kabati nyingi za ofisi.

Neema akaichomeka. Krr, krr. Kimya. Krr.

Masanja alikuwa amekaa kwenye stuli nyuma yetu, ameinama mbele. Kwenye laptop likaja lile swali ambalo limewaliza watu wengi: kwamba flopi hii haijaandaliwa, je, unataka kuifomati? Mashine ikishindwa kusoma haisemi nimeshindwa, inasema flopi ndiyo mbovu, niifute nianze upya? Ukikubali, kilichokuwemo kimekwenda.

Neema hakujua. Nyie vijana mashine ikiwauliza mnasema ndiyo, hata hamsomi. Niliona mkono wake unasogea kwenye kipanya. Nilikuwa na muda wa kusema "acha". Neno moja.

Sikusema. Nilinyamaza makusudi, nikatazama kidole cha mtoto wa mdogo wangu kikibonyeza, na ndani yangu kulikuwa na kitu kinasema, basi, imekwisha, wala si wewe.

Laptop ikakataa. Ikaandika kwamba flopi imelindwa, haiwezi kufutwa. Lile tundu la kona lilikuwa wazi. Nililifungua mwenyewe miaka ile, kwa kumwogopa Mzee Deogratias.

"Imekataa, mama mkubwa," Neema akasema. "Inasema imelindwa."

Nikakalia kiti cha wateja. Masanja akaniuliza kama naumwa, akaenda kuninunulia maji. Yeye kuninunulia mimi maji. Aibu niliyoisikia siwezi kuipima.

Alivyorudi nilikuwa nimeshaamua nusu. Nusu tu. Nikamwambia kuna jambo moja zaidi la kujaribu. Kompyuta tuliyotumia ofisini ilikuwa na kasoro: kichwa chake cha kusomea kilikaa upande kidogo. Flopi zilizoandikwa na mashine ile zilisomwa na mashine ile tu, nyingine zote zilidhani ni mbovu. Tuliijua hivyo, tukaizoea, kama mnavyozoea mlango wa nyumbani unaofunguka kwa kuinua. Na ofisi ilipoondoa mashine chakavu, Mzee Deogratias aliichukua akaenda nayo Karema alipostaafu.

Jumatano asubuhi tulipanda basi. Ile barabara mnaijua. Flopi niliiweka kifuani, ndani ya kitambaa, mbali na simu, kwa sababu simu nayo ina sumaku kwenye spika. Masanja alizungumza njia nzima. Alinieleza mpunga wa mtoni unavyotoka vizuri mwaka ambao mto haukufurika, alinieleza mke wake alivyokuwa anawafukuza ndege kwa kuimba. Mimi nilijibu "ehee" na "kumbe". Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Mara zote mbili nikauliza kama tumeshakaribia.

Mzee Deogratias amezeeka sana, jicho moja halioni, lakini ulimi ni uleule. Tulimkuta sebuleni anagombana na paka. Nilipomwambia nimefuata nini, alicheka mpaka akakohoa. Kompyuta ilikuwa pembeni imefunikwa kitenge, na juu ya kitenge kuna vyandarua.

"Inawaka?" nikauliza.

"Mimi naamka kila siku, yenyewe kwa nini isiwake?"

Iliwaka. Ilichukua muda ambao nyie mngeshamaliza kuoga. Akaniagiza nichukue pamba, niizungushie kijiti, nichovye spiriti, nisafishe kichwa cha draivu. Pamba ikatoka nyeusi. Nikarudia mpaka ikatoka nyeupe. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, Masanja asisikie, "Wewe mtu, mbona hunitazami usoni? Umefanya nini?"

"Nilifuta mtu, mzee. Nilidhani ni mmoja, kumbe ni baba na mwanawe."

Nilitegemea matusi. Akasema, "Kama ungeniuliza hilo mimi nisingejua. Lakini mwenye jina angejua. Weka flopi."

Ilianza kusoma. Krr, krr. Skrini nyeusi, herufi nyeupe: imeshindwa, irudie au iache? Nikabonyeza irudie. Ikashindwa. Irudie. Hapa ndipo vijana wengi hukata tamaa, na nawaambia msikate. Flopi inaweza kukataa mara kumi na tisa ikakubali ya ishirini. Itoe, igeuzegeuze, iache ipoe, irudishe. Sikuhesabu nilirudia mara ngapi. Nilijua tu kwamba sasa nilikuwa nataka kitu kimoja, si viwili, na kwa sababu nilikuwa nakitaka kweli niliogopa zaidi kuliko Jumatatu.

Sauti ikabadilika. Ikawa laini, mfululizo, kama mtu anayepepeta mchele. Orodha ikapanda kwenye skrini.

Mistari mingine ilikuwa imeharibika, vialama vya ajabu tu. Nikashuka pole pole. Luhende Masanja, barabarani. Chini yake, Masanja Luhende, mtoni. Herufi zote zimetimia.

Masanja alisoma jina lake kwa kidole, akigusa kioo. Halafu akapiga makofi mara moja, kwa nguvu, paka akakimbia. Printa haikuwepo, na kunakili kwenye flopi nyingine kusingesaidia, maana mashine hiyohiyo iliyopinda ingeandika kwa kupinda. Tukapiga picha ya skrini kwa simu zetu mbili. Hiyo ndiyo njia, msiidharau: picha ya simu ni bora kuliko flopi iliyokufa ukiwa unatafuta njia ya kitaalamu.

Njiani kurudi alilala akitabasamu. Sikumwamsha.

Alhamisi baraza lilijaa. Chumba cha ofisi ya kijiji, watu mpaka madirishani. Masanja akaonyesha picha. Ikapita mkono kwa mkono kwa wajumbe. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye upole, akavua miwani.

"Bwana Masanja, tumeiona. Lakini hii ni picha ya simu, na siku hizi hata wafu wanachezeshwa muziki kwenye simu. Karatasi yetu ina muhuri, na jina lako halimo. Tuamini ipi?"

Masanja akanigeukia. Alidhani nitaeleza mambo ya kompyuta, ya kichwa kilichopinda. Ningeweza kufanya hivyo. Ningesema "hitilafu ya mitambo", na hakuna hata mmoja mle ndani ambaye angenibishia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile niliiona ndefu na safi kabisa mbele yangu.

Nilisimama. Nikashika meza.

"Picha ni ya kweli," nikasema. "Jina lake lilikuwepo. Hakuna mashine iliyolitoa. Nililitoa mimi, kwa mkono wangu. Niliona Luhende Masanja na Masanja Luhende, nikadhani ni mtu mmoja anataka mashamba mawili. Sikumuuliza mtu."

Mama mmoja wa Kisukuma dirishani akasema, si kwa kelele, "Hata mtoto angekwambia huyo ni baba na mwanawe." Baadhi wakacheka. Mwenyekiti akainua mkono wakanyamaza. Akasema baraza limesikia, kipande cha mtoni ni cha Masanja Luhende, katibu aandike. Kisha akamuuliza Masanja kama ana la kusema.

Nilijiandaa kutukanwa. Nilikuwa tayari hata kwa hilo.

Masanja alisimama na kofia yake mkononi. Aliposema, hakuwa anasema na mwenyekiti, alikuwa anasema na mimi.

"Wiki ile tulikuwa tumegombana na mzee wangu, baba. Kwa ajili ya ng'ombe tu. Orodha ilipobandikwa ukutani, yeye yumo, mimi simo, nikajua amekwenda ofisini kunitoa. Nikamuuliza. Akaapa kwamba hakunitoa, akalia mbele ya wake zake, mtu mzima kama yule. Sikumwamini. Sikuongea naye tena." Akakunja ukingo wa kofia. "Walipokuja kuniambia amefariki, nilikuwa mtoni napalilia. Niliendelea kupalilia. Sikwenda kumzika."

Katibu aliacha kuandika.

Masanja akavaa kofia, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona hakushika njia ya mtoni. Alielekea barabarani, kwenye kipande cha baba yake, alikozikwa mzee, anatembea haraka, karibu anakimbia. Mwenyekiti aliita shauri linalofuata, watu wakaanza kusogea na kukohoa. Mimi nilikuwa bado nimesimama nimeshika meza. Hakuna aliyeniambia kaa.